Kompyuta Ibaki Hewani Hata Ukiwa Umetoka Kwenye Akaunti

Umeiacha kompyuta nyumbani ikiwaka, na taa za ruta zinametameta. Ukiwa mbali unaihitaji kwa faili moja tu. Unaiita, kimya. Unaiita tena, kimya. Unarudi, unaandika nenosiri, na papo hapo inaitika kana kwamba hakuna lililotokea. Haikuwa imeharibika wala kuzimika. Ilikuwa imekaa kwenye ukurasa wa kuingia, ikikungoja wewe.

Jambo hili lilinisumbua muda mrefu kwa sababu nilikuwa nikitibu dalili. Nilibadilisha programu ya kuingilia kwa mbali mara tatu, na kila mara shida ikabaki palepale. Nilianza kupata nafuu siku nilipoelewa kwamba ndani ya kompyuta moja kuna programu za aina mbili: za mashine na za mtumiaji. Za mashine huanza mara tu mfumo unapowaka, kabla hujagusa kibodi, na huendelea hata nyumba ikiwa tupu. Hizi huitwa huduma. Za mtumiaji huanza baada ya wewe kuingia, na ukitoka zinafagiliwa zote. Zile alama ndogo zinazojipanga karibu na saa nyingi ni za kundi hili la pili, na ndiyo maana programu inaonekana nzima unapoitazama, halafu inatoweka ukiipa kisogo.

Kwa hiyo kazi iliyo mbele yetu ni ya kuhamisha umiliki. Usingizi wa kompyuta, muunganisho wake wa mtandao, programu inayokupokea na njia ya kuifikia vyote vitoke mikononi mwa mtumiaji viwe mali ya mashine.

Wapo watakaokushauri njia ya mkato: kompyuta iingie yenyewe kwenye akaunti kila ikiwaka, bila kuuliza nenosiri. Inafanya kazi, sikatai. Lakini yeyote atakayeketi mbele yake, awe mtoto, mgeni au mwizi, atakuwa ameingia pamoja nawe. Mimi siitumii.

Kabla ya kugusa kitu, pima

Kwanza tuelewane kwa maneno. Kufunga skrini si kutoka: ukifunga, programu zako zinaendelea nyuma ya pazia. Ukitoka kwenye akaunti, programu zako zinafungwa lakini mashine iko macho. Ikilala, hata mashine haipo tena kwa mtandao. Watu wengi husema "nilitoka ikakatika" kumbe ililala, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

Washa kompyuta upya, usiingie. Ngoja dakika tano. Chukua kifaa kingine kilichoko kwenye mtandao uleule wa nyumbani, kisha uiite:

ping 192.168.1.50

Weka anwani ya kompyuta yako badala ya hiyo. Windows mara nyingi hukataa kujibu ping hata ikiwa macho, kwa hiyo ukikosa jibu fungua ukurasa wa ruta uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Rudia baada ya saa nzima, bado hujaingia.

Sasa soma majibu. Kama haikuonekana tangu mwanzo, tatizo ni mtandao au diski iliyofungwa kwa usimbaji fiche, yaani isiyosomeka bila ufunguo wake. Kama ilionekana kisha ikapotea, ni usingizi. Kama ipo muda wote lakini programu yako ya mbali inagoma, ni programu. Na kama kila kitu kinakwenda ukiwa nyumbani lakini ukitoka nje ya geti hakuna kitu, tatizo ni njia. Kipimo hiki kitakuokolea jioni nzima.

Hatua ya kwanza: iondoe usingizi

Kwenye Windows, fungua PowerShell kama msimamizi uandike:

powercfg /change standby-timeout-ac 0
powercfg /change hibernate-timeout-ac 0

Sifuri maana yake ni kamwe. Herufi ac zinahusu wakati kompyuta imechomekwa kwenye umeme. Ya betri iache kama ilivyo. Skrini ijizime upendavyo, haina madhara. Kisha nenda Device Manager, fungua kadi yako ya mtandao, na kwenye kichupo cha Power Management ondoa alama inayoruhusu kompyuta kuizima kadi ili kuokoa umeme. Nimeona kompyuta iliyo macho kabisa huku kadi yake ya mtandao imelala fofofo.

Kwenye Mac amri ni hii, nayo unaweza kukagua matokeo yake kwa pmset -g:

sudo pmset -c sleep 0

Linux ndiko kwenye mtego ambao wengi hawauoni. Unaingia kwenye mipangilio ya GNOME (eneokazi la Linux nyingi), unazima usingizi, unaridhika. Lakini ukurasa wa kuingia ni mtumiaji mwingine kabisa, anaitwa gdm, na ana mipangilio yake mwenyewe. Wewe umejikataza kulala, yeye hajakatazwa. Ukitoka, yeye ndiye anayeshika usukani, na baada ya muda mfupi anailaza mashine. Badala ya kubembelezana na kila mtumiaji, funga mlango wa usingizi kwa mashine nzima:

sudo systemctl mask sleep.target suspend.target hibernate.target hybrid-sleep.target

Ukitaka kurudisha, andika unmask mahali pa mask.

Laptopu ina jambo lake la ziada, kifuniko. Kwenye Windows chagua Do nothing kwa kitendo cha kufunga kifuniko. Kwenye Linux fungua /etc/systemd/logind.conf, weka HandleLidSwitch=ignore, kisha uwashe upya. Laptopu ya Mac iache wazi tu. Na kwa kuwa laptopu itakaa kwenye chaji siku zote, kama mtengenezaji amekupa kikomo cha kuchaji, kiweke asilimia 80. Betri iliyojazwa pomoni na kupata joto miezi na miezi inaweza kuvimba.

Hatua ya pili: mtandao uwe wa mashine

Ukiweza, tumia kebo, na mjadala unaishia hapo. Kebo haina nenosiri, kwa hiyo haimngoji mtu. Nimehangaika na waifai kwa wiki, halafu kebo ya mita chache ikamaliza kila kitu kwa dakika mbili.

Kama kebo haifiki, jua kwamba nenosiri la waifai nalo lina mwenyewe. Likihifadhiwa ndani ya pochi ya funguo za mtumiaji, kompyuta haitaweza kulisoma hadi mtumiaji huyo aingie. Ndiyo sababu ya kile kioja cha mtandao kuungana sekunde tatu baada ya wewe kuandika nenosiri.

Kwenye Linux yenye NetworkManager, angalia majina ya miunganisho kwa nmcli connection show, kisha:

sudo nmcli connection modify "JinaLaWaifai" connection.permissions "" connection.autoconnect yes
sudo nmcli connection modify "JinaLaWaifai" 802-11-wireless-security.psk-flags 0 802-11-wireless-security.psk "nenosiri"

Ile permissions tupu inasema muunganisho huu ni wa watu wote, na psk-flags 0 inasema nenosiri likae kwenye mfumo wenyewe. Ukipenda kubofya, kwenye kihariri cha miunganisho kuna kisanduku kinachosema watumiaji wote wanaweza kuutumia. Ni kilekile.

Kwenye Windows andika netsh wlan show profiles. Mtandao wako ukiandikwa All User Profile, uko salama. Ukiandikwa Current User Profile, umegundua mchawi wako. Usahau mtandao huo, ujiunge tena kwa akaunti ya msimamizi, kisha uhakikishe unajiunga wenyewe:

netsh wlan set profileparameter name="JinaLaWaifai" connectionmode=auto

Mac nayo ina pochi mbili, moja inaitwa login na nyingine System. Fungua Keychain Access utafute jina la waifai yako. Linatakiwa kuonekana ndani ya System.

Jambo la mwisho hapa ni fupi: ingia kwenye ruta, tafuta sehemu ya DHCP, inayogawa anwani, na uitengee kompyuta yako anwani moja ya kudumu kwa kutumia namba yake ya MAC (namba ya kadi ya mtandao, haihusiani na kompyuta za Mac). La sivyo siku moja ruta itaipa anwani nyingine, nawe utakuwa unabisha hodi kwenye nyumba ya jirani.

Hatua ya tatu: mpokeaji asiyelala

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tusiharakishe.

Mpokeaji ninayemwamini kuliko wote ni SSH, njia ya kuiamuru kompyuta ukiwa mbali. Hana picha, ni maandishi tu, lakini ni huduma ya mashine kwa asili yake na hajali nani kaingia nani katoka. Hata kama unapenda kuona skrini, washa SSH kama mlango wa nyuma, kwa sababu siku skrini itakapogoma ndiyo itakayokuokoa.

Kwenye Debian, Ubuntu na jamaa zao:

sudo apt install openssh-server
sudo systemctl enable --now ssh

Kwenye Mac, nenda System Settings, General, Sharing, uwashe Remote Login. Kwenye Windows 10 na 11, PowerShell ya msimamizi:

Add-WindowsCapability -Online -Name OpenSSH.Server~~~~0.0.1.0
Set-Service -Name sshd -StartupType Automatic
Start-Service sshd

Sasa tengeneza ufunguo kwenye kifaa utakachosafiri nacho: ssh-keygen -t ed25519. Sehemu ya umma ya ufunguo huo unaipeleka kwenye kompyuta ya nyumbani, ndani ya faili ya authorized_keys iliyo kwenye folda ya .ssh ya mtumiaji. Sehemu ya siri haitoki kwako. Ukishahakikisha unaingia kwa ufunguo, fungua mipangilio ya SSH (faili ya sshd_config) uweke PasswordAuthentication no, na wanaokisia nenosiri watachoka wenyewe.

Mitego miwili imewaliza watu hapa. Windows, ikiwa akaunti yako ni ya msimamizi, haisomi ufunguo kutoka folda yako. Inausoma kutoka C:\ProgramData\ssh\administrators_authorized_keys. Unaweza kuhariri ile faili nyingine hadi kope zikuume, haitakusikiliza. Mtego wa pili ni wa Linux: kama folda yako ya nyumbani imesimbwa peke yake na inafunguka pale tu unapoingia, basi ukiwa umetoka, faili ya authorized_keys imefungiwa humohumo ndani. SSH iko macho, mtandao upo, lakini ufunguo wako hausomeki. Tukirudi kwenye hoja yetu, ufunguo ni mali ya mtumiaji na hapa ndipo unapohitaji kuhama. Hamishia funguo nje, kwa mfano /etc/ssh/funguo/, katika faili yenye jina lako la mtumiaji (ndilo %u hapa chini), na kwenye sshd_config uandike:

AuthorizedKeysFile /etc/ssh/funguo/%u

Wanaotaka skrini nzima wana njia kadhaa. Remote Desktop ya Windows ni huduma ya mashine, hukupokea kwenye ukurasa wa kuingia na kukufungulia kikao kipya. Lakini toleo la Home haliwezi kupokea wageni. Ni Pro, Enterprise na Education tu. Pia haikubali akaunti isiyo na nenosiri, na ile PIN fupi unayotumia ukiwa nyumbani haifai huku: andika nenosiri kamili la akaunti. Watu huapa kwamba nenosiri limeharibika, kumbe wamekuwa wakiandika PIN kwa miaka mpaka wamelisahau.

Mac ina Screen Sharing, palepale penye Remote Login, nayo hukuonyesha ukurasa wa kuingia bila shida. Linux ilikuwa nyuma kidogo: programu nyingi za VNC (za kuonyesha skrini kwa mbali) hujishikiza kwenye kikao kilicho wazi, kikifungwa nazo zinazama. GNOME 46, iliyotoka Machi 2024, ilileta njia ya kuingia kwa mbali hata kama hakuna aliyeingia, na iko kwenye mipangilio ya mfumo chini ya jina Remote Login. Kwa wenye matoleo ya zamani ipo xrdp, inayopokea Remote Desktop kwenye Linux, ila usiache kikao kingine cha akaunti hiyohiyo kikiwa wazi nyumbani. Mara nyingi hugombana, nawe unaishia kuona skrini nyeusi.

Ukitumia AnyDesk, TeamViewer, RustDesk au nyingine za namna hiyo, kanuni ni moja. Faili uliyoipakua ukaifungua moja kwa moja bila kuisakinisha ni ya mtumiaji, itakufa naye. Isakinishe kwa ruhusa ya msimamizi ili iwe huduma, kisha uweke nenosiri la kudumu la kuingia pasipo mtu wa kukubali. Bila hilo nenosiri, itauliza "uruhusu?" kwenye chumba kisicho na mtu.

Kompyuta isiyo na skrini iliyochomekwa inaweza kukupa picha ndogo mno au weusi mtupu, kwa sababu kadi ya picha haioni pa kuchora. Zipo plagi ndogo za HDMI zinazojifanya skrini. Bei yake ni ya kuchekesha ukilinganisha na usumbufu inaouondoa.

Bado kuna kazi zako mwenyewe: kitu kinachopakuliwa, hati ndogo unayoiendesha, seva ya picha za familia. Kwenye Linux, andika

sudo loginctl enable-linger jina

na huduma zako binafsi za systemd (msimamizi wa huduma za Linux) zitaanza na mashine na kubaki ukitoka. Kwa kazi za kuandika kwa mkono, zifungue ndani ya tmux, programu inayoziweka hai hata dirisha lako likifungwa. Kama hata tmux inauawa unapotoka, angalia kama KillUserProcesses, kipengele cha kuua programu za aliyetoka, kimewashwa kwenye logind.conf. Mwaka 2016 systemd toleo la 230 liliweka kuua ndiyo kawaida, wenye kuacha kazi zikiendelea usiku wakapiga kelele, na baadhi ya mifumo, Debian ikiwemo, ikakataa kuifuata. Kwenye Windows tumia Task Scheduler na uchague Run whether user is logged on or not. Kumbuka tu kwamba kazi hiyo haitaliona lile diski la mtandao ulilolipa herufi Z, maana nalo ni la kikao chako. Andika njia kamili inayoanza na \\. Kwenye Mac, kilicho ndani ya LaunchAgents kinamngoja mtumiaji, kilicho ndani ya /Library/LaunchDaemons hakimngoji.

Hatua ya nne: njia ya kutoka nje hadi ndani

Mpaka hapa unafika ukiwa nyumbani. Ukiwa nje, ruta imesimama mlangoni.

Njia ya zamani ni kufungua poti (mlango wa mtandao wenye namba) kwenye ruta na kuielekeza kwenye kompyuta. Kwa Remote Desktop, ambayo poti yake ni 3389, nakusihi usifanye hivyo. Roboti hupekua intaneti mchana na usiku kutafuta poti hiyo, na mwaka 2019 lilipogunduliwa tundu lililoitwa BlueKeep, mtu aliweza kuvamia Windows za zamani bila hata kuwa na nenosiri. Kubadilisha namba ya poti hupunguza kelele tu.

Halafu hata ukitaka kufungua poti, huenda huwezi. Angalia anwani ya nje inayoonyeshwa na ruta. Ikianza na 100.64 hadi 100.127, mtoa huduma amekuweka nyuma ya ruta yake kubwa pamoja na wateja wengine, na hakuna poti utakayofungua itakayofika kwako. Hapo usipoteze muda kwenye ukurasa wa ruta.

Njia ninayoitumia ni handaki la VPN, yaani njia ya faragha iliyosimbwa inayopita ndani ya intaneti. WireGuard, iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux 5.6 mwaka 2020, ni nyepesi, hutumia poti moja ya UDP, kwa kawaida 51820, na haimjibu asiye na ufunguo, kwa hiyo mpekuzi haoni kama kuna kitu. Kwenye Linux:

sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0

Kwenye Windows handaki likishawashwa hukaa kama huduma na kubaki ukitoka. Kama anwani yako ya nje hubadilika, utahitaji jina la DNS (jina linalosimama badala ya anwani) linalojisasisha lenyewe. Ruta nyingi zina sehemu ya kuliweka.

Waliokwama nyuma ya ruta ya mtoa huduma watumie Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, ambayo hutafuta njia yenyewe bila kufungua poti yoyote. Ila nayo ina mambo yake. Kwenye Windows lazima uchague Run unattended, la sivyo ukitoka nayo inatoka. Na ufunguo wa kila kifaa huisha muda baada ya siku 180 usipobadilisha. Mimi nilikatwa nikiwa safarini, nikalaumu umeme, ruta na mbingu kabla ya kugundua. Ingia kwenye ukurasa wa usimamizi uzime kuisha huko kwa kompyuta ya nyumbani.

Hatua ya tano: umeme ukikatika

Ingia BIOS, ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya mfumo kuanza, utafute mpangilio unaozungumzia kurudi kwa umeme. Majina hutofautiana, lakini mara nyingi utaona maneno AC Power Loss au After Power Failure. Weka Power On. Kwenye Mac:

sudo pmset -a autorestart 1

Laptopu ina betri yake, lakini ruta haina. Kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kwa ajili ya ruta kina faida kuliko kikubwa cha kompyuta peke yake, kwani kompyuta iliyo hai nyuma ya ruta iliyokufa ni sawa na hakuna.

Sasa usimbaji fiche wa diski nzima, ambao ndio fundo gumu kuliko yote. Diski ikiwa imefungwa, mfumo haujaanza. Mfumo usipoanza, hakuna huduma yoyote, iwe ya mashine au ya mtumiaji. BitLocker ya Windows inayotumia chipu ya TPM, inayotunza ufunguo wa diski, bila PIN hujifungua yenyewe, haina tatizo. Ukiiwekea PIN ya kuwashia, itakungoja. LUKS ya Linux hungoja pia, ila unaweza kusakinisha dropbear-initramfs, seva ndogo ya SSH inayoamka kabla ya diski, ukaandika nenosiri ukiwa mbali. Kwa hili uwe na kebo, waifai katika hatua hiyo ni mateso. FileVault ya Mac nayo hufunga, na ukiwasha upya kwa makusudi tumia sudo fdesetup authrestart ili ipite mara hiyo moja. Umeme ukikatika ghafla, amri hiyo haikusaidii.

Je, uzime usimbaji? Kwa laptopu, hapana, hata kama inakaa mezani. Siku itakapobebwa hutapewa taarifa. Kwa kompyuta ndogo iliyofungiwa ndani isiyo na siri zako, ninaweza kukuelewa. Uamuzi huu ni wa kupima unachoogopa zaidi, wizi au kukosa kuifikia.

Masasisho ya Windows yatawasha mashine upya usiku, na hilo sasa lisikutie hofu. Ikiwa hatua zilizotangulia zimekaa sawa, itarudi kwenye ukurasa wa kuingia na kukupokea kama kawaida. Weka saa za matumizi kwenye Windows Update ili isifanye hivyo ukiwa katikati ya kazi.

Ukiona umeme unaliwa bure

Kompyuta ya mezani inayovuta wati 60 hula karibu uniti moja na nusu kwa siku. Kompyuta ndogo ya wati 10 hula robo ya uniti. Kama unaihitaji mara moja kwa wiki tu, iache ilale, uiamshe kwa Wake-on-LAN: pakiti yenye baiti 6 za FF ikifuatwa na namba ya MAC ya kadi ikirudiwa mara 16. Washa Wake-on-LAN ndani ya BIOS na kwenye kadi ya mtandao, na uzime mpangilio wa ErP unaokata umeme wa kadi. Tumia kebo. Pakiti hiyo haivuki intaneti yenyewe, hivyo unahitaji kifaa kingine nyumbani kisicholala, ruta yenye uwezo huo au kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ukitumie kuituma. Kwenye Windows kuna kero nyingine: iliyoamshwa bila mtu hulala tena baada ya kama dakika mbili, kwa kipimo kilichofichwa. Kifichue kwa

powercfg -attributes SUB_SLEEP 7bc4a2f9-d8fc-4469-b07b-33eb785aaca0 -ATTRIB_HIDE

kisha ukiongeze kwenye mipangilio ya juu ya umeme, panapoandikwa System unattended sleep timeout.

Hatua ya sita: jaribu kama mtu aliye mbali kweli

Zima waifai ya simu utumie data. Chomoa kompyuta kwenye umeme, hesabu hadi kumi, chomeka. Usiguse kibodi. Ngoja dakika kumi, ingia kupitia simu. Kisha zima ruta uiwashe, ujaribu tena. Kisha acha usiku kucha ukiwa umetoka kwenye akaunti, ujaribu asubuhi kabla ya kuigusa. Likikwama lolote, rudi kwenye kipimo cha mwanzo kitakuambia ni hatua ipi. Fanya haya siku tatu kabla ya safari, si usiku wa kuamkia.

Ukiwa huko mbali, kuna makosa ya mkono ambayo hakuna mpangilio utakaoyafuta. Usiandike amri ya kuzima ukiwa na madirisha mawili yanayofanana. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi kiitwacho molly-guard hukuuliza jina la mashine kwanza, na kimeniokoa. Na kila unapobadilisha mipangilio ya SSH, ya VPN au ya ulinzi wa mtandao, usifunge dirisha uliloingilia. Fungua la pili, ingia upya kwa mipangilio mipya. Likikubali, ndipo ufunge la kwanza.